Huruma Ina Kipimo?

Hivi huruma ya muuguzi inapimwaje? Homa ina kipimajoto. Huruma je?

Miaka ya 1980 Patricia Larson, muuguzi wa Marekani, aliandika matendo 50 ya kiuguzi kwenye kadi. Wauguzi na wagonjwa wa saratani wakazipanga, kila kundi kwa mawazo yake. Wauguzi wakatanguliza kumsikiliza mgonjwa. Wagonjwa je? Kujua kuchoma sindano na kuweka dripu!

Nisingeamini, ila nilimuuguza bibi. Tulitoka naye Ulemo akalazwa mbali. Nesi mmoja, "Pole bibi, pole," lakini mshipa aliutafuta mara nne. Mwenzake hakusema kitu. Akachoma mara moja, akaenda zake. Usiku bibi akaninong'oneza: "Yule bubu, mjukuu wangu, ndiye kanihurumia."

Sisemi pole haina thamani. Inayo, tena sana. Ila muuguzi akijipima peke yake, anapima nia yake tu. Maumivu yako upande wa pili wa sindano, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi kabla hatujajiita wenye huruma, tumemuuliza aliyelala kitandani?