Hesabu Ni Ushahidi



Swali ninalotaka tulipime ni hili: mtu anayeandika programu ya kompyuta ya kujumlisha madhara ya dawa, je, ni fundi wa tarakimu tu, au ni shahidi atakayeulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu (S.W.)?

Swali hili haliko mbali nasi. Kutoka kwetu Tiira hadi Tororo si safari ndefu, na Tororo ni mahali ambapo dawa za malaria zimejaribiwa kwa miaka mingi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha wajawazito 300, waliogawanywa katika makundi matatu: 106, 94 na 100. Hao ni dada zetu na shangazi zetu. Katika majaribio ya namna hii, kila mshiriki anayetapika, anayepata homa au anayelazwa huandikwa, na mwishowe maandishi yote huwa jedwali la kurasa chache.

Anayelitengeneza jedwali huunganisha orodha mbili kwa namba ya mshiriki: orodha ya waliomeza dawa na orodha ya yaliyowapata. Hapo ndipo amana ilipo. Tuseme wanawake 100 wamemeza dawa, 8 wamepata madhara, na matukio yote ni 20 kwa kuwa baadhi yao waliugua zaidi ya mara moja. Ukiandika 20 kwa 100 kana kwamba ni watu, umewazidisha wagonjwa. Ukiunganisha orodha vibaya, wale 92 wazima wanaanguka nje, na kigawanyo kinabaki 8. Namba moja ikikosewa, mgonjwa anaweza kutoweka bila programu kutoa onyo lolote.

Rafiki yangu anayesoma takwimu huniambia, "Kompyuta ndiyo inayohesabu, sheikh, si mimi." Hoja yake ina uzito. Chombo hakina nia, na kosa lisilokusudiwa lina msamaha katika dini yetu. Lakini kompyuta haijui nani ahesabiwe mpaka mtu aamue. Aliyelazwa siku 31 baada ya dozi ya mwisho, yumo au hayumo? Huo ni uamuzi wa binadamu, na penye uamuzi pana dhima.

Tena fikiria aliye upande wa pili. Tiira, mchimbaji hukaza macho kwenye mizani dhahabu yake inapopimwa. Mama aliyemeza dawa ya majaribio haioni mizani yake kamwe. Kama Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo sokoni, ambako mnunuzi yupo na anaangalia, basi dhima ni nzito zaidi pale anayepimiwa hayupo.

Watu wa fani hii wana desturi njema: wawili huandika programu, kila mmoja peke yake, kisha matokeo hulinganishwa. Sisi tunaosoma sharia tunaijua roho ya jambo hilo. Aya ya deni, Suratul Baqara 282, inaamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo. Wanazuoni wa hadithi nao hawakutosheka na matini bila isnadi. Jedwali ni matini. Programu na kumbukumbu za kliniki ndizo isnadi yake.

Uganda imekwisha kuonja uzito wa jambo hili. Utafiti wa HIVNET 012, ulioanza Kampala mwaka 1997, ulionyesha kwamba nevirapine hupunguza karibu kwa nusu maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwaka 2002 wakaguzi walikuta kasoro katika kumbukumbu na katika kuripoti madhara makubwa. Mzozo ukaendelea hadi mwaka 2005, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipopitia data na kuthibitisha kwamba hitimisho lilikuwa sahihi. Tazama basi: matini ilikuwa ya kweli, lakini isnadi yenye mapengo iliitia shaka dawa iliyokuwa ikiokoa watoto.

Kuna na adabu ya sifuri. Tukio baya lisipoonekana hata kwa mmoja kati ya watu 300, hesabu bado inaruhusu kwamba huenda humpata mtu mmoja katika kila 100. Kwa hiyo shahidi mwaminifu husema "hatukuliona", wala hasemi "halipo".

Jibu langu, basi, ni kwamba yeye ni shahidi. Nia njema humwondolea dhambi ya uongo, lakini haimwondolei wajibu wa kuhakiki. Ndugu zangu mnaosoma takwimu na udaktari, elimu yenu ni sehemu ya ibada. Hakikini kwa niaba ya mama ambaye hataliona jedwali lenu.

Wallahu a'lam.