Mashine Haina Taklifu

Katika darasa yetu ya baada ya Maghribi kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, leo katika mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya anunuaye na auzaye hisa ni mashine. Ikiharibu mali za watu, dhima ni ya nani?"

Swali hili lina maana. Benki ya Goldman Sachs ya New York, mwaka 2000, ilikuwa na watu 600 wa kununua na kuuza hisa kwa ajili ya wateja. Kufika mwaka 2017 walikuwa wamebaki wawili. Kazi yao imeshikwa na kompyuta. Sheria nayo haikulala: baada ya msiba wa mabenki wa mwaka 2008, Marekani ilitoa sheria ya mwaka 2010 yenye kanuni ya Volcker, izuiayo benki zilizoshika akiba za watu zisicheze sokoni kwa faida yao wenyewe. Na Ulaya, tangu Januari 2018, wenye biashara ya kasi kubwa hulazimishwa kuandika wakati wa kila amri, kwa saa isiyokhitilafiana na saa ya dunia zaidi ya sehemu moja katika 10,000 ya sekunde.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi si ajabu wao kurudi kwenye daftari. Ajabu ni sisi wenye aya, tukopeshanao kwa mdomo kisha tukaburutana kwa kadhi.

Lakini daftari peke yake halilindi mali. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya udalali wa hisa huko huko Marekani, ilikuwa imetia programu mpya katika mashine zake nane. Moja ikasahauliwa, ikabaki na ya zamani. Soko lilipofunguliwa, mashine ile ikawa yanunua na kuuza bila ya kujua kusita: amri 212 za wateja zikazaa biashara zaidi ya milioni 4 kwa muda wa dakika 45 hivi, na khasara ikapindukia dola milioni 440. Na kabla ya soko kufunguliwa, kompyuta zilikwisha kuwapelekea wafanyi kazi barua 97 zilizotaja kosa! Hazikupangwa kuwa onyo, basi hapana aliyezishughulikia.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema: mnyama akila shamba la mtu mchana, ilikuwa ni juu ya mwenye shamba kulinda, akila usiku, mwenye mnyama hulipa, kwani usiku ni juu yake kumfunga. Mnyama hana taklifu, wala mashine haina. Dhamana ni ya aliyeifungua kamba.

Kijana akaniuliza tena: "Je, ni ya yule fundi aliyeisahau mashine ya nane?" Nikamjibu: sehemu yake anayo. Lakini serikali yao ilipochunguza ilikuta kwamba wakubwa wa kampuni hawakuweka kanuni yo yote ya maandishi ya kumtaka mtu wa pili aikague kazi ya fundi. Mwezi wa Oktoba 2013 faini ya dola milioni 12 ilitozwa kampuni, haikutozwa fundi.