Ramadhani 14: Mwanangu daktari anataka kusafiri



Alhamdulillah tumefika siku ya 14, nusu ya mwezi iko mlangoni. Leo ilikuwa tuendelee na adabu za itikafu, lakini nimezisogeza mbele kidogo. Kuna swali limenifikia, na tangu mwezi uandame hili ni la tatu la aina hiyo, kwa hiyo nimeona tulizungumze hapa kwa wote. Mwenye swali amenipa ruhusa, jina nimeliacha.

Ni mama wa hapa hapa kwetu. Ananiambia kwa ujumbe wa sauti: Sheikh, mwanangu amemaliza udaktari, amefaulu mtihani wa Waingereza, sasa anataka kwenda. Mimi nina sukari na presha, na yeye ndiye anayenipima. Dini inasemaje? Halafu akanyamaza kidogo, akasema: na nikifa, nitazikwa na nani?

Upande wa hukumu nitapita haraka, maana hauna mgogoro mkubwa. Kusafiri kutafuta riziki ya halali inajuzu. Katika Suratul Mulk, aya ya 15, Allah anatukumbusha kwamba ardhi ameilainisha kwa ajili yetu, tutembee pande zake na tule katika riziki yake. Udaktari ni kazi ya halali. Kumtibu asiye Muislamu hakuna dhambi ndani yake, bali kuna ujira. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hata aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu alipata msamaha, sembuse binadamu aliyelala kitandani anahema. Kwa hiyo anayekwambia "mwanao anakwenda kuwatumikia makafiri", mwambie arudi darsani.

Lakini halali haimaanishi jambo limekwisha. Halali ndipo maswali yanapoanza.

Hebu chukua Suratu Yusuf, usome tena usiku huu ukimaliza tarawehe. Nabii Yusuf (a.s.) hakwenda Misri kwa kupenda, aliuzwa. Lakini alipofika mbele ya mfalme aliomba kazi mwenyewe, na sababu alizozitaja ni mbili tu, ziko katika aya ya 55: kwamba yeye ni mlinzi, na kwamba yeye ni mjuzi. Amana na utaalamu. Mfalme yule hakuwa wa dini yake, wala wale watu hawakuwa wa ukoo wake, na bado akawatunzia chakula miaka saba ya neema ili wasife miaka saba ya njaa. Na ghala lile lile la ugenini ndilo lililokuja kuwalisha ndugu zake waliotoka Kanaani. Wangapi miongoni mwetu wanakula kwa pesa inayotumwa na mtoto aliye Muscat au Birmingham? Tunalijua hili.

Sasa angalia upande wa pili wa sura hiyo hiyo, ambao vijana wanaupita mbio. Aya ya 84. Nabii Yaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Mwana ni waziri, ana ghala, ana heshima, na baba huko nyumbani haoni tena. Qur'ani haikuficha hata kimoja kati ya hivi viwili. Haikusema kwa kuwa Yusuf alikuwa akiwafaa watu, basi machozi ya baba hayakuwa na maana. Kwa hiyo wewe kijana unayeandaa safari, usiseme "nitatuma pesa" ukadhani umemaliza. Na wewe mzazi, usimwambie mtoto "ukiondoka radhi zangu huna" ukadhani umemaliza.

Sura inaishia Yusuf akiwaleta wazazi wake kwake Misri. Hapa nina neno. Vijana wengi wanamwambia mama, "Nikikaa sawa nitakuja kukuchukua." Wana nia njema, ila wengine hawajasoma masharti. Viza ya kazi ya Uingereza inamruhusu mtu kwenda na mke wake, au mume, na watoto. Wazazi hawamo. Njia ya kumhamishia mzazi kule ni nyembamba mno, na wengi wanaojaribu hawapati. Usimpe mama ahadi ambayo mwenye mlango si wewe. Mwambie ukweli mapema: nitakuja likizo, nitapiga simu kila siku, dawa zako nitalipia, lakini kuhamia kule siwezi kukuahidi. Ukweli unauma siku moja. Ahadi ya uongo inamkalisha mtu barazani miaka kumi anasubiri ndege.

Tuje kwa sisi tunaobaki. Wanazuoni wetu wanasema tiba ni faradhi kifaya: wakiwepo wa kutosha wengine wamesameheka, wasipokuwepo mji mzima una dhambi. Imam Ghazali, miaka zaidi ya 900 iliyopita, katika Ihyaa yake aliwashangaa watu wa zama zake: miji mingapi haina tabibu Muislamu, na huku wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi na mabishano. Alisema hivyo na yeye mwenyewe ni mwanafiqhi. (Na mimi nimesoma madrasa, kwa hiyo mnielewe, sidharau fiqhi.)

Na hali yetu si nzuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Ukisikia hivyo, haraka utasema: basi daktari akiondoka ni msaliti. Subiri kwanza. Wapo madaktari waliosoma miaka mitano, wakamaliza mwaka wa intanishipu, na leo wako mtaani wanasubiri tangazo la ajira. Wagonjwa wapo, daktari yupo, nafasi ya kazi haipo. Ndugu zetu wa Kenya, mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makubwa yalikuwa malipo ya hawa hawa madaktari wapya. Kumlaumu kijana wa namna hii ni sawa na kumlaumu aliyekuta kisima kimefungwa kwa nini amekwenda kuchota kwa jirani.

Lakini daktari ambaye ndiye bingwa pekee mkoa mzima, ana ajira, ana wagonjwa wanaomtegemea, na anaondoka kwa ajili ya gari kubwa zaidi, huyo hali yake ni nyingine. Simwambii haramu. Namwambia akae na nafsi yake, na mwezi ndio huu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na sisikii likiulizwa. Deni.

Wengi wa madaktari wetu wamesoma kwa mkopo wa Bodi. Ukiwa umeajiriwa hapa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi, hata huoni. Ukienda Uingereza au Ghuba, hospitali ya kule haimjui mtu wa Bodi. Hakuna anayekata. Simu inakaa kimya, mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka. Shetani anakwambia: serikali ni tajiri, wameshasahau. Wallahi hiyo ni pesa ya watu. Ni kodi ya mama anayeuza mihogo, na ni nafasi ya mtoto mwingine anayesubiri kukopeshwa. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, hakumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba lile deni mwenyewe. Na lilikuwa dinari mbili tatu tu. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, nenda Bodi, ujue deni lako ni kiasi gani, na uweke utaratibu wa kulipa ukiwa kule. Liandike kwenye wasia wako. Na kama kuna taasisi ilikulipia ubingwa kwa mkataba wa kuitumikia miaka kadhaa, Suratul Maida inaanza aya yake ya kwanza kabisa kwa kuamrisha kutimiza mikataba. Itumikie, au mwelewane mlipane. Kutoroka usiku si safari ya riziki.

Na kwa upande wetu majirani. Tulichangishana nauli, tulichangishana ada, kweli. Lakini tulitoa kama sadaka au kama mkopo? Ukitoa sadaka halafu ukaigeuza kamba ya kumfungia mtu shingoni, Suratul Baqara imekwisha kukukanya usiibatilishe sadaka yako kwa masimbulizi. "Huyu tumemsomesha sisi" — tuliache hilo neno, jamani. Yeye akitukumbuka, ni uungwana wake.

Neno kuhusu mawakala, maana kuna watu wanazunguka. Kwa kuwa Tanzania imo kwenye ile orodha, waajiri na mawakala wa Uingereza hawatakiwi kuja kuwatafuta watumishi wa afya huku. Daktari mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja, hilo linaruhusiwa. Na kwa taratibu za kule, wakala hatakiwi kumtoza mtu anayetafuta kazi. Kwa hiyo akija mtu na koti zuri anakwambia toa milioni kadhaa nikupe hospitali London, jiulize mara mbili. Njia inajulikana: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa udaktari wenye sehemu mbili, na ile ya pili lazima uende kuufanyia Manchester, kisha usajili kwenye baraza lao. Vyeti vinahakikiwa moja kwa moja na chuo ulikosoma. Anayekushauri uongeze miaka ya uzoefu ambayo hukufanya, anakutaka uanze safari kwa ushahidi wa uongo, na mtu wa kwanza kuumia ni mgonjwa atakayelala mbele ya mkono usiojua.

Kwa wenye ndoa nitasema kidogo tu. Sayyidna Umar (r.a.) alipomsikia usiku mwanamke analalamika kwa upweke, mumewe yuko jihadi, alimuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kusubiri muda gani, akaweka kikomo kwa majeshi yake: miezi minne, na riwaya nyingine zinasema sita. Yule alikuwa jihadini. Wewe uko kazini. Kama viza inamruhusu mkeo kwenda, sababu ya kumwacha miaka mitatu ni ipi?

Sasa mama yetu. Haki yako kwa mwanao ni kubwa, na mtu aliyetaka kwenda jihadi na Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama wazazi wake wako hai, aliposema ndiyo akaambiwa afanye juhudi yake kwao. Kama wewe huna mwingine wa kukuangalia, na unamhitaji, haki yako inatangulia, na mwanao asubiri mpaka apatikane mtu. Kama wapo dada zake na kaka zake, na wewe mwenyewe moyo wako umeridhika, basi mruhusu kwa dua, si kwa machozi ya kumfunga. Kabla hajaondoka, na hili namwambia yeye kwa sababu najua anasoma, amfundishe dada yake kutumia ile mashine ya sukari, aandike dawa zote na saa zake kwa mwandiko unaosomeka (madaktari mnajijua), na atafute daktari wa hapa hapa atakayempokea mama yake. Akabidhi mgonjwa wake kama anavyokabidhi zamu wodini.

Na utazikwa na nani? Utazikwa na sisi, mama. Kuzika si kazi ya mtoto peke yake, ni faradhi kifaya juu yetu sote, na sisi desturi yetu hatumsubirishi maiti. Uwezekano ni mkubwa mwanao atakuwa bado uwanja wa ndege huku sisi tunarudi makaburini. Hilo mlizungumze mkiwa wazima, ili lisije kumvunja siku hiyo. Yeye kule atakuswalia swala ya ghaibu, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafii inajuzu. Asili yake mnaijua? Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyekufa mbali naye. Yule yule aliyewapokea masahaba walipohama kwenda kuishi ugenini.

Nilitaka kumtaja na Ibn al-Nafis, daktari wa Sham aliyehamia Kairo, akaeleza jinsi damu inavyopita kwenye mapafu, na huku akisomesha fiqhi ya Kishafii. Alipofariki mwaka 1288 alikuwa ameusia nyumba yake na vitabu vyake kwa hospitali ya Mansuri ya huko huko. Habari zake ni ndefu, tutamrudia siku nyingine inshaAllah.

Tangazo. Jumamosi hii baada ya swala ya Alasiri, hapo uani kwa msikiti, madaktari wawili vijana wa mtaa wetu watapima presha na sukari bure, wanaume na wanawake, kina mama watapita mlango wa nyuma. Kuchomwa kidole kutoa tone la damu hakuharibu funga, msiogope. Wenye sukari mnaofunga, njooni na dawa zenu mkononi, msiache wala kupunguza dozi kwa kuambiwa na jirani. Na huyo kijana wetu anayesafiri naye nimemuomba aje, amekubali.

Wassalaam alaykum warahmatullah.