KUKU MGONJWA NYUMBANI

Mwewe akimwachia kuku baada ya kumtia makucha, hukumu hutoka upesi: lete kisu. Hatusemi kwamba hukumu hiyo ni dhambi. Lakini twauliza, ndugu wasomaji, kama mamlaka tuliyopewa juu ya wanyama ni kisu peke yake. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chamhesabu mwenye kujali uhai wa mnyama wake kuwa mtu wa haki. Na Bwana wetu, alipousikitikia mji wa Yerusalemu, hakuona haya kujifananisha na kuku mwenye vifaranga.

Kuku mwenye jeraha aweza kupona. Atengwe kwanza, maana wenzake wakiona damu humdonoa hata kumwua. Awekwe tengani, mahali penye joto na utulivu. Jeraha lioshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, na nzi wasilifikie. Asipokunywa, achovywe ncha ya mdomo majini taratibu. Asimiminiwe kooni, asije akapaliwa. Kazi hii apewe mtoto. Mtoto aamkaye alfajiri kumtazama kiumbe asiyeweza kumshukuru hujifunza jambo ambalo kitabu hakimfundishi kwa urahisi, nasi twavipenda vitabu.

Gharama zina mpaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakataza kuwatesa wanyama bure, na papo hapo yaonya tusiwagharimie fedha zilizopasa kwanza kuondoa taabu za watu. Maji na chumvi havimnyimi jirani dawa yake.

Linalotusumbua zaidi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, huhema kwa shida, huharisha kijani, pengine shingo hupinda. Hauna dawa ya kuuponya. Hapo ndipo baba wa nyumba, aliyeonekana kanisani Jumapili, huwakamata wanaosimama bado, akawauza sokoni Jumatatu kabla mnunuzi hajatambua. Huo ni wizi, tena wizi wenye miguu: maradhi huingia kijiji cha pili ndani ya tenga, na kuku wa mjane, ambao mayai yao hununua madaftari ya watoto, huteketea kwa siku chache. Aliyeuza hivyo aungame. Lakini fedha nazo zirudi kwa mwenyewe.

Waliokufa wachomwe, au wafukiwe katika shimo refu. Wazima wa majirani wachanjwe mapema, tone moja jichoni, na chanjo irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza. Chupa moja yatosha kuku wengi sana. Basi yafaa nyumba kadhaa zichange, zikawachanje kuku wao siku moja.