Aliyepika Naye Aketi

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, tangu Virginia mpaka Louisiana, iko desturi njema ya kula karamu nje ya nyumba. Jua likiisha kupunguza ukali wake, meza ndefu hupangwa chini ya miti, nao majirani huja na vyungu vyao. Makanisa mengi ya huko hufanya vivyo hivyo: baada ya ibada ya Jumapili, waumini hula pamoja uwanjani, kila nyumba ikileta sehemu yake. Huliwa kuku wa kukaanga, kunde, bamia, viazi vitamu, mboga za jamii ya sukuma wiki zilizochemshwa polepole pamoja na nyama ya nguruwe, na mkate wa unga wa mahindi.

Msomaji wetu wa Tabora au wa Peramiho, akisikia vyakula hivyo, hatajiona mgeni. Wala si ajabu. Kunde na bamia asili yake ni Afrika. Zilivuka bahari katika siku za biashara ya utumwa. Hata mchuzi mzito wa Louisiana uitwao gumbo, wataalamu wengi wasema jina lake latokana na neno la Kibantu la upande wa Angola, maana yake bamia. Mapishi ambayo watu wa Kusini hujivunia, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono ya watumwa na ya wajukuu wao.

Hapo ndipo linapozuka swali letu la leo. Je, ni haki mtu kula chakula cha mwenzake na kukisifu, kisha akamkatalia huyo mwenzake kiti mezani?

Swali hili halikubuniwa. Kwa miaka mingi sheria za Kusini ziliwatenga watu weusi na weupe mahali pa kulia. Mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama, sheria ya mji ilidai ya kuwa wateja wa rangi mbili wakila katika chumba kimoja, watenganishwe na ukuta wa futi saba au zaidi. Lakini jikoni, mara nyingi, mpishi alikuwa mtu mweusi. Mikono yake ilikanda unga na kuonja mchuzi, wala hakuna aliyeiona kuwa najisi. Alionekana najisi pale tu alipotaka kuketi. Sababu yake ni wazi: apikaye aweza kuhesabiwa kuwa mtumishi, bali aketiye ni lazima ahesabiwe kuwa mwenzi.

Mjini Montgomery, katika jimbo lilo hilo, aliishi mama mpishi aitwaye Georgia Gilmore. Wakati wa mgomo wa mabasi wa mwaka 1955 na 1956 alitoa ushahidi mahakamani juu ya mateso ya abiria weusi, akapoteza kazi yake ya upishi. Hakukata tamaa. Alipika nyumbani kwake, naye pamoja na wanawake wenzake waliuza vyakula na kutoa fedha kuutegemeza mgomo. Mezani pake walikula weusi na weupe. Sheria ya taifa iliyokomesha ubaguzi katika mikahawa ilikuja baadaye, mwaka 1964. Alipofariki mwaka 1990, alikuwa akitayarisha chakula cha ukumbusho wa maandamano ya Selma; chakula hicho ndicho walichokula waliokuja kumlilia.

Labda mtu atasema: mpishi amelipwa mshahara wake, deni limekwisha. Twajibu ya kuwa mshahara hulipa kazi. Utu wa mtu haulipwi kwa fedha. Hatusemi kwamba kutumikia ni aibu. Kutumikia ni heshima kubwa. Aibu ni ya yule atumikiwaye asitake kumjua amtumikiaye.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa Alabama peke yao. Sisi hatuna ukuta wa futi saba, lakini tunao ukuta wa nyumba. Siku ya ubatizo au ya Komunyo ya kwanza, mbele ya nyumba hufungwa turubai, viti vikapangwa, wageni wakasifu pilau. Nyuma ya nyumba wako akina mama waliopuliza moto tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Yuko na msichana wa kazi, ambaye hakuna mgeni aliyeambiwa jina lake. Wageni wakiisha kushiba, yeye hupewa ukoko, kisha huonyeshwa rundo la vyombo.

Dawa yake haihitaji sheria ya serikali. Kabla ya kupakua kwa wageni, sehemu ya wapishi itengwe, iwe nono kama ya wengine. Baba mwenye nyumba awataje kwa majina mbele ya watu wote. Vijana wa kiume wabebe maji na kuosha sahani, ili mama zao na dada zao wapate kuketi. Wageni nao wasione uzito kusubiri kidogo.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyekesha mekoni naye ni mwenyeji. Basi na yeye apone.