Je, Kumsaidia Mgonjwa ni Kumfanyia Kila Kitu?



Juzi baada ya ibada kijana mmoja aliniona nikiinuka kwa shida, akanikimbilia na kunishika kwapani. Nikamwambia, "Niache, mwanangu." Alitahayari, na huenda waliokuwapo walidhani kwamba mzee huyu ana kiburi. Napenda kueleza, maana jambo hili si la magoti yangu tu.

Gegedu la goti likichakaa, goti huuma. Mwenye kuumwa hupunguza kutembea, na jamaa zake kwa huruma humletea kila kitu pale alipoketi. Lakini misuli ya paja ndiyo inayolisaidia goti kubeba uzito, nayo isipotumika hulegea. Basi goti hulemewa, na maumivu huzidi. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniagiza niinuke kitini bila kushika popote, mara 5 kwanza, kisha 10, na kutembea kila siku kwa kuongeza kidogo kidogo.

Nilimwuliza kama haoni ninavyoumia. Akanijibu kwamba maumivu yaliyopita miezi 3 mara nyingi hayana maana kwamba mwili unazidi kuharibika. Yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi, yakatulia kufikia kesho yake, hakuna neno. (Goti likivimba na kuwa la moto, au ukishikwa na homa, rudi kwa daktari upesi.)

Nilimwona hana huruma, nikamkasirikia juma zima. Kumbe mimi mwenyewe chuoni niliwaonya walimu vijana wasimfanyie mtoto hesabu yake, ingawa inachosha kumtazama akihangaika.

Hata hivyo wapo watakaosoma haya na kwenda kumwita mama mkwe mvivu. Hiyo ni dhambi. Picha ya eksirei haipimi maumivu: wako wenye viungo vilivyochakaa sana wasioumwa sana, na wenye picha nzuri wasiolala usiku. Anayesema anaumwa asadikiwe kwanza.

Katika Yohana 5 Bwana wetu alimkuta mtu aliyeugua miaka 38, akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Alimwuliza! Sisi hubeba watu bila kuwauliza, au huwalaumu.

Kijana yule nimekwisha kumwomba radhi. Jumapili ijayo na asimame karibu nami, mkono wake uwe tayari, ila anipe nafasi ya kujaribu.