Iulize Injini Kabla ya Kukimbilia Dukani

Weka chini hiyo spana kwanza, mdogo wangu. Corolla ya mwaka 1998 imeingia gereji ikitetemeka, bosi wako katoka, na mwenye gari kasimama pembeni anatazama saa. "Inamisi hii. Niambie ninunue nini." Ukimjibu "lete plagi nne," umejiajiri udalali wa spea. Ukimjibu "nipe nusu saa niipime," ufundi umeanza.

Nakuandikia wewe spanaboi wa gereji bubu, wa Tandika, wa Mbagala, wa chini ya mwembe wowote ule, kwa sababu naona unavyodharauliwa. Mteja anabadilishiwa plagi, kisha nyaya, kisha koili, kisha pampu ya mafuta. Laki zinateketea na gari bado linakohoa. Mwishowe analiuza kwa hasira, na kila anayemuuliza habari za gereji yenu anamwambia aipitie mbali. Dawa ya aibu hiyo haiuzwi Ilala, wala Kirinyaga Road kule Nairobi. Unayo tayari: masikio mawili, mikono miwili, na kichwa kinachokubali kwenda hatua kwa hatua.

Anza na hesabu. Injini ya silinda nne ikinguruma taratibu, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili. Yaani milipuko 400 kwa dakika kwa kila silinda. Moja ikigoma, milipuko 400 imetoweka. Ni watu wanne wamebeba kitanda cha mgonjwa, mmoja kaachia mguu wake. Ndiyo maana usukani unacheza, gari linakosa nguvu mlimani, na petroli inaisha haraka. Basi swali lako la kwanza lisiwe "kwa nini". Liwe "nani".

Na injini yenyewe itakujibu. Iwashe, iache ingurume. Chomoa soketi ya nozeli ya silinda ya kwanza. Injini ikilegea na kutaka kuzima, silinda hiyo ilikuwa inachapa kazi, rudisha soketi. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile utakayoichomoa injini isijali hata kidogo, umemkamata. Dakika tano, bila kutoa hata senti moja! Wapo wanaochomoa waya wa plagi huku injini inawaka, tena kwa mbwembwe. Usiwaige. Umeme wa pale ni maelfu kwa maelfu ya volti, na petroli isiyoungua inakwenda kuichemsha na kuiua katalisti kwenye eksozi. Kama ni gari la kabureta, lisilo na nozeli, zima kwanza, chomoa waya mmoja, uvike plagi ya akiba iliyogusishwa kwenye chuma cha injini, ndipo uwashe tena.

Umeshampata mgomaji? Sasa tulia. Silinda inadai vitu vitatu tu: cheche kwa wakati wake, mafuta na hewa kwa kipimo chake, na kompresheni. Cha nne hakuna. Gari halijarogwa.

Fungua plagi ya silinda hiyo uisome. Kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayawashwi. Imelowa oili, kuna mahali oili inapenya. Nyeupe iliyobabuka, silinda inaungua kwa joto kali, na mara nyingi hewa imeyazidi mafuta.

Halafu fanya jambo ambalo mafundi wavivu hawalifanyi: hamisha. Tuseme mgomaji ni silinda ya tatu: plagi yake ivushe ikae ya kwanza, ya kwanza ikae ya tatu. Washa, upime tena. Ugonjwa ukihama na plagi, mhalifu umemjua. Ukibaki palepale, plagi haina hatia, mteja asinunue. Gari lenye koili juu ya kila plagi, hamisha koili vilevile. La distribyuta, toa nyaya uzipime kwa multimita. Kwenye hizi Toyota za zamani waya mmoja ukizidi ohm 25,000 haufai tena.

Masika yana kesi zake. Gari linamisi asubuhi ya mvua, jua likichomoza linapona, na mwenyewe anaona haya hata kukueleza. Mwamini. Fungua kofia ya distribyuta utafute ufa mwembamba mweusi ambao umeme unautambaa. Au subiri giza liingie, fungua boneti injini ikinguruma, nyunyizia nyaya maji kidogo kwa chupa, usiziguse. Cheche zikianza kuruka nje, macho yako yamemaliza kazi. Vilevile muulize kama ametoka kuosha injini. Vijana wa kuosha magari wanapenda kupiga maji ya kasi mle ndani, nayo yanatuama kwenye mashimo ya plagi. Hapo dawa ni kukausha tu, na mwaminifu hatozi pesa ya koili kwa kazi ya kitambaa.

Upande wa mafuta, egemeza bisibisi ndefu kwenye nozeli, mpini sikioni. Nozeli nzima inagonga kwa mpigo mmoja usiokatika. Iliyonyamaza ipime: kwenye Corolla hizi tarajia karibu ohm 14. Hewa nayo, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka. Mara nyingi utausikia ukifoka.

Sasa kompresheni, kipimo ambacho wengi wanakikwepa kwa sababu jibu lake linaweza kuwa chungu. Kipime. Toa plagi zote nne, zuia cheche na mafuta, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho huku akipiga stata hadi mshale wa geji uache kupanda. Andika namba. Ukipata psi 175, 170, 172 na 90, hakuna plagi duniani itakayoiponya ile ya 90. Mwagia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Mshale ukipanda vizuri, ringi zimechoka. Ukigoma, tazama valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kisha simama mbele ya mteja umwambie ukweli, hata kama ukweli huo ni kufungua injini, hata kama atakwenda kuifungulia kwingine.

Usitishwe na wenye kompyuta. Chombo kizuri, kitumie ukikipata. Lakini kodi P0303 inakuambia silinda ya tatu inamisi. Haikuambii kama ni plagi, nozeli au valvu. Mfumo wa kodi za namna hiyo ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Toyota nyingi za miaka ya 90 zilizotoka Japani hazizungumzi nao. Zenyewe zina kisanduku kidogo ndani ya boneti. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Mara moja, ikatulia, kisha mara nne: ni 14, ishara ya mfumo wa kuwasha cheche haifiki. Mkuu wa gereji anaweza kuwa hajui hilo. Wewe sasa unajua.

Dunduliza ununue multimita. Kisha geji ya kompresheni, au mchange vijana watatu. Nunua na daftari: kila injini uliyopima, andika aina yake, namba zake, ulichokuta na ulichofanya. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani kuanza upya. Nenda kaulize tarehe. Mtathmini atakapokuwekea injini inayomisi na kukuuliza utaanzia wapi, mwombe aiwashe, unyooshe mkono kwenye soketi ya nozeli ya kwanza.